Urefu wa Fimbo za Gofu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Urefu wa fimbo tumeutaja kwa inchi, kwa sababu hivyo ndivyo fimbo zinavyouzwa kila mahali. Vipimo vya mwili viko kwa sentimita. Inchi moja ni sentimita 2.54. Maelezo yanamlenga anayecheza kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande, kanuni ni zilezile.

## Misingi

Je, urefu wa fimbo una maana kweli, au ni ujanja wa wauzaji?

Una maana, ingawa si kwa sababu inayotajwa sana dukani. Urefu ndio unaoamua unasimama mbali kiasi gani na mpira, mgongo unainama kiasi gani, na zaidi ya yote, mpira unakutana na uso wa fimbo sehemu gani. Fimbo isiyokufaa haikuzuii kuupiga mpira, ila inakulazimisha ujirekebishe kila unapopiga. Ikiwa ndefu mno utasimama wima kupita kiasi na mikono itakosa nafasi ya kupita mbele ya tumbo. Ikiwa fupi mno utakunja mgongo na kuishia na maumivu ya kiuno kabla ya shimo la tisa. Ubaya ni kwamba mwili huzoea kujirekebisha huko, kisha mwalimu anaanza kusahihisha swingi yako (namna unavyozungusha fimbo kupiga) wakati kasoro iko kwenye fimbo.

Pamoja na hayo, usihangaike na robo inchi. Mtu wa kimo cha wastani anayeanza leo na seti ya kawaida atacheza vizuri tu. Tofauti inaanza kuwa na uzito ikifika nusu inchi.

Urefu wa kawaida ni upi?

Hakuna chombo kinachouweka. Kila kampuni ina wake. Kwa aironi (fimbo zenye kichwa chembamba cha chuma, zinazotajwa kwa namba) za wanaume zenye shafti (mpini) za chuma, namba zinazokutwa sana ni inchi 38 kwa aironi 5, 37 kwa aironi 7 na 36 kwa aironi 9, yaani nusu inchi hupungua kila namba inapopanda. Draiva nyingi za dukani (fimbo ndefu ya kupiga mbali) ziko kati ya 45 na 45.75, wudi 3 (fimbo ndefu inayofuata draiva) karibu na 43, na puta (ya kusukumia mpira shimoni) kati ya 33 na 35. Fimbo za wanawake kwa kawaida ni fupi kwa inchi moja. Seti za zamani nyingi ni fupi kidogo kuliko za sasa.

Kwa hiyo mtu akikuambia unahitaji "nusu zaidi ya kawaida", muulize ni kawaida ya nani. Agiza kwa namba kamili: "aironi 7 ya inchi 37.5".

Fimbo inapimwaje?

Si kwa kuilaza mezani na kunyoosha tepu kutoka ncha hadi ncha. Isimamishe fimbo sakafuni kama unavyoisimamisha nyuma ya mpira, kitako cha kichwa chake kikikaa sawasawa. Weka rula ndefu nyuma ya shafti, ncha yake ikigusa sakafu penye kisigino cha fimbo (upande wa kichwa ulio karibu na shafti), kisha soma pale mshikio unapoishia juu. Usihesabu uvimbe wa kofia ya mshikio.

Kipimo rasmi cha sheria ni kikali zaidi: kitako huegemezwa kwenye bapa lililoinama nyuzi 60, na urefu huanzia pale bapa hilo linapokutana na sakafu. Njia ya rula nyumbani inakaribiana nayo vya kutosha. Puta hupimwa tofauti, kwa kufuata mstari wa shafti hadi chini ya kitako.

Mimi ni mrefu wa sentimita 188. Si lazima nihitaji fimbo ndefu?

Si lazima. Warefu wengi wana mikono mirefu pia, na mikono hiyo inakirudisha kiganja karibu na ardhi palepale kilipo kwa mtu wa kawaida. Mtu wa sentimita 188 mwenye mikono mirefu anaweza kutumia fimbo zilezile za rafiki yake wa sentimita 175 mwenye mikono mifupi. Kimo peke yake kinapotosha; kinachotafutwa ni umbali kati ya kifundo cha mkono na sakafu.

## Kujipima

Nijipimeje kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni?

Unahitaji tepu na mtu wa kuishika. Ukijipima mwenyewe utainama na namba itakuwa ya uongo. Vaa viatu unavyochezea, simama kwenye sakafu ngumu (si zulia), miguu ikiwa upana wa mabega. Angalia mbele. Acha mikono ining'inie yenyewe bila kuivuta chini wala kupandisha mabega. Msaidizi apime kutoka kwenye mkunjo mkuu, pale kiganja kinapoungana na mkono, moja kwa moja hadi sakafuni.

Pima mikono yote miwili. Kwa watu wengi bega moja liko chini kidogo, na tofauti ya sentimita moja ni ya kawaida, chukua wastani. Tofauti ikizidi sentimita mbili, rudia, maana pengine ulisimama vibaya.

Nimepata namba. Inamaanisha nini?

Haya ni makadirio ya kuanzia kwa aironi, ukilinganisha na urefu wa kawaida wa wanaume uliotajwa juu:

- Chini ya sm 74: punguza inchi 1.5 au zaidi
- Sm 74 hadi 81: punguza inchi 1
- Sm 81 hadi 86: punguza nusu inchi
- Sm 86 hadi 91: urefu wa kawaida
- Sm 91 hadi 97: ongeza nusu inchi
- Sm 97 hadi 102: ongeza inchi 1
- Zaidi ya sm 102: ongeza inchi 1.5, na mwone fundi

Majedwali ya kampuni mbalimbali hayafanani, mengine yanatofautiana kwa nusu inchi nzima kwa kipimo kilekile. Ukiangukia mpakani, chagua fupi. Fimbo fupi kidogo ni rahisi kuigongesha katikati kuliko ndefu kidogo, na kuongeza urefu baadaye hakuharibu kitu.

Jedwali linatosha?

Halitoshi. Linakupima ukiwa umesimama kama nguzo, ilhali gofu inachezwa ukiwa umeinama, magoti yamelegea na kiwiliwili kinazunguka. Wawili wenye kipimo kimoja, mmoja akiinama sana na mwingine akisimama wima, hawawezi kutumia fimbo moja. Baada ya jedwali, pima kwa mpira.

Nyunyiza unga wa miguu au wa mtoto (poda) juu ya uso wa aironi 7, tabaka jembamba tu. Piga mipira kumi kwa swingi yako ya kawaida, ukifuta na kunyunyiza upya baada ya kila miwili. Usiangalie mpira unakokwenda, angalia alama. Zikikusanyika katikati, urefu unakufaa hata kama jedwali linasema vingine. Zikikusanyika upande wa ncha, mbali na shafti, mara nyingi fimbo ni fupi. Zikiwa upande wa kisigino, karibu na shingo, mara nyingi ni ndefu. Zikitawanyika kila mahali, urefu bado si tatizo lako: fanya mazoezi kwanza, rudi kwenye kipimo hiki baadaye.

Naweza kujaribu fimbo fupi bila kukata?

Ndiyo, na kila anayetaka kukata afanye hivi kwanza. Zungusha tepu ya karatasi kwenye mshikio, inchi moja chini ya kofia, na shika chini ya tepu hiyo. Rudia mtihani wa unga. Kumbuka kwamba mshikio ni mwembamba zaidi huko chini na kichwa kitahisi chepesi, kwa hiyo mipira ya mwanzo itakuwa ya ajabu. Usihukumu kabla ya mipira ishirini. Kwa fimbo iliyo fupi hakuna jaribio la namna hii. Azima ya mtu mwingine.

## Dalili uwanjani

Nachimba udongo kabla ya kugusa mpira. Fimbo ni ndefu?

Huenda, lakini ni sababu ya tatu kwenye orodha. Ya kwanza ni uzito wa mwili kubaki mguu wa nyuma, ya pili ni mpira kuwekwa mbele mno. Shuku urefu iwapo unachimba kwa fimbo ndefu peke yake huku weji (fimbo fupi za mipira ya karibu) zikienda safi. Kinyume chake, kupiga juu ya mpira mara kwa mara kunaweza kutokana na fimbo fupi, ingawa wanaoanza wengi hupiga juu ya mpira kwa sababu wanainuka katikati ya swingi.

Napiga katikati kabisa lakini mpira unakwenda kushoto. Tatizo ni urefu?

Si urefu moja kwa moja. Ni ulalo, yaani pembe kati ya shafti na ardhi. Shafti ikisimama mno, ncha ya fimbo inanyanyuka na uso unatazama kushoto. Ikilala mno, kisigino kinanyanyuka na mpira unakwenda kulia. Vitu hivi viwili vimefungana: ukirefusha fimbo kwa nusu inchi, inasimama zaidi kwa takriban nyuzi moja inapogonga mpira, ukiifupisha, inalala kiasi hichohicho. Ndiyo maana anayekata inchi nzima bila kugusa ulalo anaanza kupeleka mipira kulia na kulaumu mikono yake.

Kujua ulalo wako, chora mstari mnene kwa kalamu ya ubao mweupe kwenye mpira, uuweke mstari ukiwa wima na ukitazama uso wa fimbo. Piga. Mstari utabaki umechapwa kwenye uso. Ukiwa wima, ulalo uko sawa. Juu yake ikiinamia ncha, fimbo inasimama mno. Ikiinamia kisigino, inalala mno.

Weji huathirika zaidi kuliko aironi ndefu, kwa sababu uso ulioinama sana hugeuka upande kwa urahisi zaidi ulalo ukikosewa. Ukiwa na pesa ya kurekebisha fimbo chache tu, anza na weji.

Je, kila aironi inaweza kupindwa ulalo?

Ambazo kichwa chake kimefuliwa kwa kupondwa, ndiyo, bila shida. Zilizomiminwa kwa chuma kigumu kisichoshika kutu huvumilia nyuzi moja au mbili. Zaidi ya hapo shingo inaweza kukatika. Fundi mzuri atakuuliza aina ya kichwa kabla hajaishika. Asiyeuliza, chukua fimbo zako uondoke.

## Draiva

Kwa nini draiva za dukani ni ndefu hivyo?

Kwa sababu urefu unauza umbali. Fimbo ndefu inazunguka duara kubwa na kichwa kinaongeza kasi, kwa hiyo mpira mmoja bora kati ya kumi unakwenda mbali sana. Ile tisa mingine ndiyo inayoandikwa kwenye kadi. Mpira uliogongwa mbali na katikati hupoteza kasi na kupinda, na kadiri shafti inavyorefuka ndivyo katikati inavyokuwa vigumu kuipata. Tiger Woods alitawala mwishoni mwa miaka ya 1990 akitumia draiva ya inchi 43.5 yenye shafti ya chuma.

Kwa mchezaji wa wikiendi, inchi 44 hadi 44.5 ni mahali pazuri pa kuanzia, na aliye mfupi ajaribu 43.5. Tumia mtihani wa unga uliotajwa kwenye "Jedwali linatosha?", ukishika chini kidogo kidogo hadi alama zikusanyike.

Sheria inaruhusu urefu gani?

Fimbo yoyote lazima iwe na angalau inchi 18, na isizidi 48. Puta haina kikomo cha juu. Tangu 2022, R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu, wanawaruhusu waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu kuweka kanuni inayoshusha kikomo hadi inchi 46; haigusi mchezo wako wa Jumamosi klabuni. Ni marufuku kubadilisha sifa za fimbo katikati ya raundi, kwa hiyo kazi ya kukata na kupinda imalizike kabla ya shimo la kwanza.

## Puta

Puta yangu iwe na urefu gani?

Hapa kipimo cha kifundo hakisaidii sana. Simama kama unavyosukuma mpira, mikono ikining'inia chini ya mabega bila kukunja viwiko kupita kiasi, na macho yawe juu ya mpira au ndani yake kidogo. Dondosha mpira mwingine kutoka daraja la pua: uangukie juu ya ule wa chini au upande wako, usiupite. Mwombe mtu apime kutoka juu ya mikono hadi ardhini kufuata shafti, ongeza nusu inchi ya kubaki juu. Wanaume wengi wakifanya hivi wanakuta 33 au 34, ilhali wamebeba 35.

Puta ndefu za kifuani bado zinaruhusiwa?

Puta yenyewe inaruhusiwa. Kilichopigwa marufuku tangu 2016 ni kuikita mwilini, yaani kuegemeza mkono au ncha ya mshikio kifuani, tumboni au kidevuni wakati wa kupiga.

## Wanawake na watoto

Mwanamke anunue seti ya wanawake tu?

Anunue inayomtosha. Seti ya wanawake ni fupi, nyepesi na ina shafti laini, vitu vitatu ambavyo havilazimiki kwenda pamoja. Mwanamke wa sentimita 175 mara nyingi anahitaji urefu wa wanaume wenye shafti nyepesi ya grafaiti. Na mwanamume mfupi mwenye swingi ya taratibu anaweza kufurahia seti ya wanawake kuliko ile aliyokatiwa.

Naweza kumkatia mtoto fimbo zangu za zamani?

Hapana. Huu ndio ushauri unaopuuzwa kuliko yote. Ukikata inchi nne, shafti inakakamaa na kichwa kinabaki kizito cha mtu mzima, kwa hiyo mtoto anaburuta fimbo kwa mwili mzima na kujifunza swingi atakayohangaika kuiacha. Fimbo za watoto huuzwa kwa kimo, kwa kawaida kila hatua ya inchi 3, na vichwa vyake ni vyepesi. Nafasi ya kukua iwe inchi moja, si zaidi. Mtoto wa kuanzia hahitaji seti kamili: wudi, aironi mbili, weji na puta zinatosha.

## Kukata na kurefusha

Fimbo inakatwaje?

Upande wa mshikio, kamwe si upande wa kichwa. Kukata chini kunabadilisha ugumu wa shafti sana, na kichwa hakitakaa tena.

1. Chana mshikio kwa kisu chenye makali yaliyopinda na uuvue. Kama shafti ni ya grafaiti, kisu kisiguse nyuzi zake.
2. Ondoa tepu ya zamani, safisha kwa spiriti nyeupe ya maduka ya rangi.
3. Pima upya kwa njia ya rula na utie alama. Kumbuka kofia ya mshikio mpya huongeza kama moja ya nane ya inchi.
4. Chuma: tumia kikata bomba cha fundi bomba, ukikaza taratibu. Grafaiti: zungusha tepu ya karatasi penye alama, kata kwa msumeno wa meno madogo, na vaa barakoa kwa sababu ya vumbi. Kikata bomba huipasua grafaiti.
5. Lainisha ukingo kwa tupa, la sivyo utaukata mshikio mpya kwa ndani.
6. Bandika tepu yenye gundi pande mbili, mwagia spiriti tepu na ndani ya mshikio, sukuma kwa mkupuo mmoja, nyoosha. Iache hadi kesho yake.

Kata moja kwanza, aironi 7, ucheze nayo wiki mbili. Shafti iliyokatwa hairudi.

Kwa nini fimbo niliyokata inahisi kama fimbo ya kuchezea?

Kwa sababu umeondoa uzito wa swingi, yaani uzito wa kichwa unavyohisiwa fimbo ikizunguka. Hupimwa kwa herufi na namba. Fimbo nyingi za wanaume ziko D0 hadi D2. Kila nusu inchi unayokata hushusha pointi kama tatu, na kila gramu 2 unazoongeza kichwani hurudisha pointi moja. Ukikata inchi moja, ni takriban gramu 12. Utepe wa risasi nyuma ya kichwa unafanya kazi hiyo. Bandika kidogo kidogo hadi hisia irudi, si lazima zote.

Na kurefusha?

Kunatumika kipande cha kurefushia kinachoingizwa ndani ya shafti na kugandishwa kwa epoksi: cha chuma kwa shafti ya chuma, cha grafaiti kwa grafaiti. Kwaruza sehemu zitakazogusana, paka, ingiza, futa ziada, na uache saa 24 kabla ya kuvalisha mshikio. Usizidishe inchi moja. Juu ya hapo mikono inashika kiungio chenyewe, na ndipo kinapolegea. Kichwa kitahisi kizito zaidi, kinyume cha hali iliyoelezwa kwenye swali lililopita. Mshikio mzito zaidi husaidia kidogo.

## Hali za pembeni

Nimenunua seti ya mitumba. Nitajuaje kama ilikatwa?

Pima aironi zote na uandike. Ngazi zinapaswa kuwa za nusu inchi. Fimbo moja ikivunja mpangilio, ilikatwa au shafti ilibadilishwa. Zote zikiwa fupi kwa kiasi kilekile, mwenye nazo wa kwanza alikuwa na kipimo chake. Angalia pia kama maandishi ya shafti yamejificha chini ya mshikio na kama fimbo ikitikiswa inatoa sauti juu, dalili ya kirefusho kilichoachia. Usisahau ulalo: seti ya urefu wa kawaida inaweza kuwa ilipindwa nyuzi tatu, na rula haitakuambia hilo.

Aironi za urefu mmoja zinamfaa nani?

Mchezaji wa Marekani Bryson DeChambeau amezifanya zijulikane: aironi zake zote zina urefu wa karibu na wa aironi 7, ili mkao uwe mmoja. Zinamfaa anayechoka kubadilisha mkao. Kasoro ziko kwenye ncha mbili za seti: aironi ndefu hukosa kimo na umbali, na weji huruka mbali kuliko ulivyozoea. Ukizichukua, urefu huo mmoja lazima ukutoshe, kwani kosa litakuwa kwenye kila fimbo.

Nacheza Nairobi, ambako mpira unaruka mbali kuliko Mombasa. Nibadilishe urefu?

Hapana. Hewa nyepesi ya mwinuko wa mita 1,700 inabadilisha fimbo unayoichagua kwa umbali fulani. Mikono yako haikurefuka ulipopanda basi.

Mgongo wangu unauma nikiinama. Nirefushe fimbo zote?

Anza na puta, ndiyo inayokuinamisha kuliko zote na haina kikomo cha urefu. Kisha weji, kwa nusu inchi, na urekebishe ulalo wake siku hiyohiyo. Aironi 5 na zilizo ndefu kuliko hiyo ziache. Tayari zinakusimamisha wima.